Ngozi ya Kompresa

Siku hizi nauza kompresa mjini Kasulu, na kila mteja anayeingia dukani hufanya jambo moja, awe fundi, awe katekista, awe bwana harusi: anaupiga mtungi kofi. Paa! Halafu anainamisha kichwa na kusikiliza, kana kwamba mtungi utamwitikia kwa jina. Akisikia mlio mzito anatabasamu na kutia mkono mfukoni. Hapo ndipo ninapomshika mkono. "Ndugu yangu, ni ya kazi gani?" Mwenye kujaza matairi ya bodaboda namwambia achukue hii ndogo, abaki na hela ya viatu vya watoto. Wa kupulizia vumbi vyerehani, hata hii ndogo kwake ni sherehe. Lakini akinitajia rangi ya gari namkalisha kwenye kreti, namwagizia chai, na chai inapoa mara tatu kabla sijamaliza kumweleza kwamba mtungi ni ghala tu, mkulima ni kichwa cha mashine, na ghala kubwa halijawahi kulima hata tuta moja la muhogo. Wapo waliotoka wakisema yule mzee ana maneno mengi kuliko bidhaa. Ni kweli. Kuna mtu mmoja nilikataa kumuuzia mara saba kwa siku moja, na mara ya saba alilia. Mke wangu anadai tungekuwa na ghorofa kama ningejua kunyamaza. Simjibu. Nimenyamaza mara mbili maishani, mara mbili tu, zote ndani ya mwaka mmoja, na mwezi uliopita simu ilipoita, na sauti ya mwanamke ikasema, "Msomi, ni mimi Jenoveva. Baba amepumzika," zote mbili zilirudi zikaketi kwenye kreti mbele yangu kama wateja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tulikuwa tumepanga chumba Kibondo, mimi na Bukuru, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Unga ulipenya kila tundu. Tulikuwa tukilala vijana tukiamka wazee, nyusi nyeupe, ndevu nyeupe, na hata panya wa chumba kile walikuwa na mvi. Kitanda kilikuwa kimoja; Bukuru alilala upande wa ukuta kwa sababu hageuki, mimi upande wa mlango kwa sababu nasema usingizini. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, siku nzuri zikija na migebuka miwili mikavu, na Bukuru alikuwa akiwagawa samaki wale kwa haki kuliko hakimu yeyote: wewe kichwa leo, mimi kichwa kesho. Alikuwa fundi rangi. Angeweza kukupakia mlango kwa brashi ukajitazama humo na kunyoa. Ila maneno hakuwa nayo. Siku nzima anaweza kutoa matano, na mawili kati yake ni "ego", yaani ndiyo, kama wazee wake waliotoka Burundi walivyomzoesha. Maneno yote ya chumba kile yalikuwa yangu. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni kwenye ukumbi wa kanisa, ufundi na hesabu, kwa mwalimu mmoja mkali aliyeandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na kila nilichofundishwa nilikiandika kwenye daftari kubwa la kaunta ambalo pia ndilo lililokuwa mto wangu wa kulalia. Ndiyo maana waliniita Msomi. Wengine wanasoma kwa kichwa; mimi kichwa kililala juu ya kitabu, elimu ikapanda yenyewe kama unyevu.

Bukuru alimpenda Jenoveva wa Kumsenga, na kwa kuwa mtu wa maneno matano hawezi kuposa, mimi nikawa mshenga wake. Kwa watu wa huko mambo yako hivi: kijana anayeposa hana mdomo mbele ya databukwe, baba mkwe wake. Anakaa, anatazama chini, anakula kidogo. Akimpinga mzee hata juu ya mvua, posa imekufa. Mshenga ndiye mwenye mdomo. Mshenga anaruhusiwa kubisha, kutania, hata kumwambia mzee kwamba amekosea, ilimradi aseme kwa adabu, na mzee akitaka kufunga shauri humwuliza, "Mshenga, una neno?" Nilikuwa mshenga wa kutisha. Bukuru alikuwa na mtamba mmoja aliyemlea Kitahana kwa ajili ya mahari, na mimi, kwa akili zangu za jioni, ndiye niliyemshawishi Mzee Rubeni, baba yake Jenoveva, kwamba mtamba huyo auzwe mnadani, tununue kompresa ya kupulizia rangi. "Mzee," nilimwambia, "mtamba atakuzalia ndama mmoja kwa mwaka. Mashine itakuzalia zizi zima." Mzee Rubeni alikuwa bingwa wa ng'ombe wa upande ule wote. Watu walimjia kutoka mbali awachagulie ng'ombe. Inasemekana alimtazama ng'ombe machoni akajua babu yake alifia wapi. Alitafuna jambo langu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Vema. Mashine itasimama mahali pa ng'ombe. Lakini ng'ombe wa mahari huchaguliwa na upande wa binti. Nitamchagua mimi. Na ng'ombe hubeba miezi tisa. Miezi tisa ikiisha na hajazaa ndama wa kuingia zizini kwangu, binti yangu ana wengine wanaomngoja." Wengine walikuwa mmoja: karani wa Kakonko, mwenye pikipiki na ng'ombe wawili waliokwisha zaliwa.

Tulikwenda Kasulu watatu, mwezi wa sita, vumbi likiwa jekundu mpaka kwenye meno. Muuzaji alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kanzu safi, mwenye asili ya pwani, aliyezungumza Kiswahili laini mpaka ukaona aibu kukohoa. Alikuwa na kompresa mbili. Moja ilikuwa na mtungi mdogo, imechafuka oili, rangi imebanduka, lakini juu yake kichwa kipana chenye pistoni mbili. Nyingine ilikuwa nyekundu, inang'aa, mtungi kama ng'ombe mwenye mimba ya pacha, na juu yake kichwa kidogo kama kofia ya mtoto. "Mwaitaka kwa kazi gani, wanangu?" muuzaji akauliza. Kabla sijafungua mdomo Mzee Rubeni alikuwa amekwisha anza. Aliizunguka ile nyekundu mara mbili. Aliupiga mtungi kofi, akasikiliza. Alikagua magurudumu kama anakagua kwato. Akainua mpira wa upepo kama mkia na kuangalia chini yake, alitafuta nini sijui. Kisha akaagiza ziwashwe. Ile chafu ilinguruma duka zima likatetemeka, misumari ikacheza ngoma ndani ya makopo. Nyekundu ilivuma polepole, kama mtu anayeomba rozari. "Ng'ombe anayepiga kelele hivi ana homa," Mzee akasema akiionyesha ile chafu kwa fimbo. "Huyu mwekundu ametulia. Tumbo analo. Ndiye."

Muuzaji hakubishana. Wapwani hawabishani; alinigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshika daftari kwapani, akauliza kwa sauti ya chini, "Nawe msomi, wasemaje?" Na ndani ya daftari lile, ukurasa wa kumi na nne, mwalimu wetu wa mkono wa kushoto alikuwa ametuandikisha: *Msitazame mtungi. Tazameni kichwa kinatoa upepo kiasi gani kwa dakika, na bastola ya rangi inakula kiasi gani. Mlaji akimzidi mkulima, mmekwisha.* Nilikuwa nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu. Nilijua. Naapa nilijua kama ninavyojua jina langu. Bukuru alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, kama inavyompasa mkwe. Mzee Rubeni alikuwa anatabasamu, na njia nzima alikuwa ameniita "mwalimu", tena mbele ya watu. Nimejieleza sababu nyingi tangu siku ile, naweza kujaza gunia: kwamba ningemwaibisha ugenini, kwamba labda ukurasa wa kumi na nne ulikosea. Sababu ni moja. Nilipenda kuitwa mwalimu. Nikasema, "Mzee ana macho. Mzee amekwisha chagua." Muuzaji akanitazama kidogo, akasema, "Haya, Mungu awatilie baraka," akaenda kuandika risiti.

Kazi ya kwanza tuliyopata Kibondo ilikuwa pikapu ya Mama Zaituni, mfanyabiashara wa mahindi na mdomo. Bukuru aliipiga msasa siku tatu, akaisafisha mpaka nzi wakawa wanateleza. Umeme tuliuvuta kwa waya kutoka kwenye jenereta ya mwenye mashine ya kusaga. Tukaiwasha ile nyekundu, ikaanza rozari yake. Ikaomba, ikaomba, maharage yakaiva, yakapoa, mshale wa geji ukafika juu. Bukuru akashika bastola, akavuta. Rangi ya bluu ilitoka kama ukungu wa asubuhi juu ya mabonde, na kwa muda wa kuhesabu mia mbili hivi sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Kisha bastola ikakohoa. Ikatema tone. Ikatema jingine. Mtungi ulikuwa umekwisha, na kichwa kidogo kilikuwa kinahema juu kama kuku wa kiangazi kikijaribu kuujaza. Tukangoja. Ulipojaa tena, rangi ya kwanza ilikuwa imekauka, na ya pili ikalala juu yake kwa mstari ulioonekana, bila kuongeza neno, mpaka Bujumbura. Mama Zaituni alipokuja alilizunguka gari lake kimyakimya, nikajua tumekwisha, maana mama yule hakuwahi kunyamaza hata msikitini. "Bukuru mwanangu," akasema, "mimi niliwaletea gari. Mnanirudishia kuku mwenye ndui?" Bukuru akaomba arudie. Aliikwangua rangi yote kwa mikono, kucha zikatoka damu, akaipuliza tena. Ndui ile ile. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa kumi, mvua zimeanza, na ule mtungi mkubwa uliovuta hewa yenye unyevu ukaanza kutema maji pamoja na rangi. Mlango wa pikapu ukatoka malengelenge.

Kila Jumamosi Jenoveva alikuja sokoni na kupitia kwetu, na kibakuli cha maharage kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa msichana wa kucheka. Alicheka kabla ya kukaa. Mwezi wa tatu wa mashine alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akaiambia, "Wewe dada, tumbo hilo lina miezi mingapi?" Tukacheka wote, hata Bukuru. Mwezi wa tano hakuiuliza kitu. Alikaa kwenye kopo la rangi akamtazama Bukuru anakwangua, akasema, "Yule wa Kakonko alikuja tena. Alimletea mama kitenge." Bukuru akaendelea kukwangua. "Bukuru, sema basi kitu." Akasema, "Itakubali." "Nani atakubali?" "Mashine." Jenoveva akanigeukia mimi, macho yamejaa. "Kaka Msomi, wewe ndiye mwenye maneno. Nini kinachomsumbua huyu mnyama? Mna mimba ya upepo humu ndani?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikatania. Nikasema mashine zote za Kasulu huchelewa kuzaa kwa sababu ya milima. Alicheka kidogo, kwa adabu, akafunga kibakuli chake. Ni kicheko hicho ninachokisikia dukani mteja akipiga mtungi kofi.

Usidhani tulikaa tu. Tulibadilisha mkanda. Tulibadilisha oili. Nilipanda gari hadi Kasulu mwenyewe kutafuta mkanda mwingine, nikapita mbele ya duka la yule mzee wa pwani nimefunika uso kwa shati, na ile kompresa chafu haikuwepo tena. Bukuru alibuni kupuliza kipande kidogo kidogo, kiganja kwa kiganja, akipumzika kungoja mtungi. Gari likawa kama nguo ya viraka. Wenye magari wakaacha kuja. Alirudi kwenye brashi, akapaka madirisha na majeneza, lakini hayo yalitosha unga wa muhogo na si ndama. Upande wa pili wa ukuta wanawake waliongoja kusagiwa walitupimia siku zetu. "Mashine ya mahari bado haijazaa?" "Itazaa wapi, tasa ile." "Masikini yule kijana, anakonda mpaka suruali inamwuliza anakwenda wapi." "Na yule mwenzake mwenye daftari?" "Yule? Yule hakondi. Anakula maneno." Bukuru aliyasikia yote amelala ametazama ukuta. Hakugeuka, hageuki. Mimi nililaza kichwa juu ya ukurasa wa kumi na nne na kila asubuhi nikajiapia kwamba leo nakwenda Kumsenga. Mzee angeweza kuikubali kweli kabla muda haujaisha: angeongeza miezi, angerudi mwenyewe Kasulu tubadilishane, angenipiga fimbo, lolote. Mshenga anaruhusiwa. Asubuhi nyingine ilinyesha, nyingine nilikuwa na mtihani, nyingine nilifika hadi mtoni nikakumbuka nimesahau kofia. Sikuwa na kofia.

Mwezi wa nane wa mashine mota iliungua. Ilitoa harufu ya nywele zilizochomwa, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza katikati ya rozari. Bukuru aliweka kiganja juu ya mtungi na kukiacha pale muda mrefu, kama mtu anayepima homa. Kisha akasema maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. "Ng'ombe akifa mikononi mwa mlishaji, ngozi hurudishwa kwa mwenyewe, aone kwamba hakuuzwa. Tutampelekea databukwe ngozi." Tukafungua kichwa, tukafungua mota iliyoungua, tukaufunga ule mtungi mwekundu juu ya baiskeli kwa mipira, na tukausukuma hadi Kumsenga kwenye matope ya mwezi wa pili. Njiani watu walituamkia na kutuuliza kama ni jeneza la mtoto.

Mzee Rubeni alitupokea sebuleni. Nakikumbuka chumba kile kuliko chumba nilimofungia ndoa: benchi mbili, picha ya Bikira Maria yenye fremu ya bluu, kalenda ya mwaka uliopita, harufu ya maziwa na moshi. Mtungi tuliuweka mlangoni. Aliutazama akiwa amekaa, hakuinuka kuupiga kofi. Jenoveva alileta maji ya kunawa. Alimwagia baba yake, akanimwagia mimi, na alipofika kwa Bukuru maji yalimwagika kwenye magoti yake, na wote wawili hawakuinua macho. Tukala maharage na ndizi. Nje, mama yake Jenoveva alikuwa akimwambia jirani kwa sauti ya kusikika, "Ni vijana wema. Wema hauingii zizini." Tulipomaliza, Mzee alipangusa mikono, akaegemea fimbo yake, akasema taratibu, "Mimi nimechagua ng'ombe maisha yangu yote. Hajawahi kunifia mmoja hivi. Miezi tisa imebaki siku chache." Halafu akanigeukia, na uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. "Mshenga, una neno?"

Jenoveva alikuwa amesimama mlangoni na birika tupu. Bukuru alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Sentensi ilikuwepo, fupi, yenye adabu zote: Mzee, ng'ombe tulimkosea pale Kasulu, na mimi nilijua. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa miezi minane. Nikafungua mdomo, mimi ninayesema hata usingizini, nikasema, "Sina neno, Mzee."

Jenoveva aliolewa Kakonko, siku hizo bado ikiwa chini ya Kibondo, baada ya Pasaka. Bukuru alitoka kwenye chumba chetu siku ya harusi hiyo na brashi zake ndani ya mfuko wa unga, akaenda Kahama, na hakurudi. Mimi nilimaliza masomo ya jioni nikapata cheti. Katika mtihani wa mwisho kulikuwa na swali: eleza namna ya kuchagua kompresa inayofaa kazi yako. Niliandika kurasa sita, nikapata alama za juu kuliko wote.

Nilikwenda kumzika Mzee Rubeni. Watu walikuwa wengi kama mnada, na nyuma ya nyumba, karibu na zizi, nilimkuta mwanaume mwenye mvi amesimama peke yake, mikono nyuma, akitazama chini. Nilimtambua kwa kutogeuka kwake. Tulishikana mikono muda mrefu. Ana mke huko Kahama, watoto wanne, na karakana yenye kompresa tatu. Alinieleza haya kwa maneno yasiyozidi kumi. Alichokuwa anakitazama ni hori la kunyweshea ng'ombe. Ulikuwa mtungi wetu, umepasuliwa katikati kwa urefu, umelazwa juu ya mawe, na kwenye ubavu wake rangi nyekundu bado ilikuwepo kidogo. Jenoveva alitoka jikoni na ndoo, mama mnene sasa, shuka nyeusi kichwani. Alimimina maji horini, akatuangalia wote wawili. "Baba hakukubali tulitupe," akasema. "Kila mgeni alimwambia, huyu nilimchagua mimi." Kisha akaitwa, akaenda.

"Bukuru," nikasema, "siku ile Kasulu mimi nilijua."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ukurasa wa kumi na nne. Ulipokwenda kutafuta mkanda ulisahau daftari kitandani. Nikalisoma. Ulipiga mstari mwekundu." Tangu siku ya ngozi sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi namna ile mfululizo.

"Tangu wakati ule ulijua! Na siku ya ngozi ulikaa pale. Kwa nini hukusema?"

Akageuka. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona anageuka. Hakuwa na hasira, nayo ingenisaidia.

"Kwa databukwe? Niseme na mdomo upi, Msomi?" akasema. "Mdomo wangu ulikuwa wewe."

Wakatuita tukanawe. Alitangulia. Mimi nilibaki zizini. Halafu mkono wangu wenyewe, kwa mazoea ya dukani, ukaupiga ule mtungi kofi. Haukulia. Ulikuwa umejaa maji hadi ukingoni, na ng'ombe mmoja aliinua pua iliyolowa akanitazama, akingoja niondoke anywe.